Malaria ya Voi tumeizoea sisi, si dada mwenye mimba

Hapa Voi mtu akiamka na joto, kichwa kinagonga na viungo vinauma, hata hatuulizi ana nini. Tunamwambia, "Hiyo ni kamalaria tu, pitia kemisti." Anapitia, anameza dawa, anajifunika shuka siku mbili, na siku ya tatu uko naye stage mkingoja matatu ya Mwatate kama kawaida. Tumeizoea. Tumeipa hata jina dogo la kuidharau, kamalaria, kama vile ni mtoto msumbufu wa jirani.

Leo nataka tuongee kuhusu mtu mmoja ambaye hilo jina dogo halimhusu kabisa: dada mwenye mimba. Na kabla hujapita ukidhani hii ni stori ya mama zetu, angalia mtaa wako vizuri. Wengi wanaobeba mimba ya kwanza pale Sofia, Kaloleni, Mwakingali na Sikujua ni rika letu. Ni yule mlikuwa naye darasa moja, ni yule anayesuka pale saluni, ni mpenzi wako. Na kwa malaria, mimba ya kwanza ndiyo hatari kuliko zote.

Msimamo wangu ni huu: Taita Taveta tunakaa kizembe kwa sababu malaria yetu si kali kama ya wenzetu wa ziwani, na huo uzembe unawagonga wajawazito na watoto wao kwanza. Dawa ya kuzuia ipo, ni ya bei ya chini, na kliniki za umma hutolewa bure. Kinachokosekana ni mapema.

"Lakini sisi si Kisumu"

Hii kaunti yetu ni ya ajabu kidogo. Ukipanda Wundanyi unavaa sweta mchana. Ukishuka Voi, Maungu au Taveta, unatafuta kivuli. Kule juu mbu wa malaria hapati raha. Huku chini, mvua ya Novemba ikinyesha vizuri, anapata madimbwi, mitaro iliyoziba na mifereji ya kunyunyizia mashamba kule Taveta. Ndiyo maana serikali imetuweka kwenye orodha ya kaunti 14 ambako kila mjamzito anafaa kupewa dawa ya kukinga malaria: nane za upande wa ziwa na sita za Pwani. Sisi tumo.

Sasa watu wanasikia nini? Wanasikia kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipata vimelea vya malaria kwa watoto 6 kati ya kila 100 nchini, na kwamba kule ziwani ilikuwa 19 kati ya 100. Pwani tuko chini ya hapo kwa mbali. Basi tunajipiga kifua: sisi si Kisumu bana, huku malaria imeisha.

Hapo ndipo tunajidanganya. Mtu anayeumwa na mbu wa malaria kila mara tangu utotoni mwili wake hujenga kinga fulani. Haiui malaria yote, lakini inaipunguza makali. Mahali malaria ni ya kuja na kwenda kama hapa kwetu, hiyo kinga huwa nyembamba. Dada aliyekulia Wundanyi akashuka Voi kutafuta kazi au kuolewa, anaweza kuwa hana kinga yoyote. Akipata mimba na mbu akampata, malaria haimpigi kidogo. Inamwangusha: joto kali, sukari ya mwili kushuka, degedege, na mara nyingine mimba inatoka pale pale. Kwa hivyo malaria kupungua ni habari njema kwa kaunti nzima, lakini haimaanishi mjamzito mmoja mmoja yuko salama zaidi anapoipata.

Inavyojificha

Kitu cha kwanza ni kwamba mbu mwenyewe anampenda mjamzito. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 uligundua kwamba mjamzito huvuta mbu wa malaria karibu mara mbili ya mwanamke asiye na mimba. Anatoa pumzi nyingi zaidi, na mwili wake una joto zaidi. Mbu anafuata hizo dalili gizani kama mtu anayefuata harufu ya mahamri.

Cha pili ndicho cha kutisha. Vimelea vya malaria vikishaingia kwenye damu ya mjamzito, vinapata makao mapya ambayo wewe na mimi hatuna: kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto tumboni. Mwaka 1996 watafiti wawili, Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi huku Kenya upande wa Kisumu, walionyesha jinsi chembe za damu zilizoshikwa na malaria zinavyonata ndani ya kondo kwa kushikana na kitu maalum kilichoko pale. Zinakaa pale, zinajazana, zinaziba njia ya chakula na hewa ya mtoto.

Kwa nini mimba ya kwanza ni mbaya zaidi? Kwa sababu mwili haujawahi kukutana na aina hii ya vimelea vya kondo. Hata kama dada amekulia Taveta na ameugua malaria mara kumi, kinga yake ya zamani haitambui huyu mgeni. Kwa mimba ya pili na ya tatu, mwili unaanza kumjua.

Na hapa ndipo wengi tunapotezwa. Vimelea vikijificha kwenye kondo, damu inayochotwa kidoleni inaweza kuonyesha hakuna kitu. Mama anaweza kuwa hana homa, anakula vizuri, anaenda kazini, anacheka na wenzake, na ndani mtoto anapunjwa chakula kila siku. Kwa hivyo ile kauli ya "mimi najisikia poa, kliniki ya nini?" ndiyo kauli ambayo malaria inaipenda kuliko zote.

Nani anaumia

Mama anaumia kwa damu. Malaria inavunja chembe za damu, na mjamzito tayari anagawana damu na mtoto. Ukisikia dada ameambiwa "damu yako iko chini", mara nyingi anafikiria ni lishe tu, anaongeza mchicha na maini. Lishe ni muhimu, sikatai. Lakini kama kuna malaria imejificha pale ndani, ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Siku ya kujifungua ikifika, kila mama hutokwa na damu. Mwenye damu ya kutosha anastahimili. Yule aliyeingia chumba cha kuzalia damu ikiwa chini anaweza kupotea kwa kiasi ambacho mwenzake angekivumilia. Zile jumbe za WhatsApp za saa tano usiku, "anatafutwa mtu wa kutoa damu haraka, mama yuko maternity", nyuma ya baadhi yake kuna miezi ya upungufu wa damu ambao ungezuilika.

Mtoto naye anaumia kwa uzito na kwa muda. Anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au akazaliwa siku zake zikiwa zimetimia lakini mdogo, chini ya kilo 2.5. Watu wanaona mtoto mdogo wanasema "atanenepa tu." Wengine wananenepa, namshukuru Mungu. Lakini mtoto wa uzito huo anapoteza joto haraka, ananyonya kwa shida, na magonjwa madogo yanampiga sana, hasa mwezi wa kwanza. Wengine hawafiki hata hapo: mimba inaharibika, au mtoto anafia tumboni.

Tukitoka Voi tukaangalia bara zima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022, katika nchi 33 za Afrika zenye malaria ya wastani hadi kali, kulikuwa na mimba milioni 35.4, na milioni 12.7 kati yazo ziliguswa na malaria. Hiyo ni zaidi ya moja kwa kila tatu. Huwezi kuita kitu kama hicho kamalaria.

Vidonge vitatu

Sasa tuje kwa dawa. Inaitwa SP, wazazi wetu wanaijua kwa jina la Fansidar. Kwenye kliniki ya wajawazito unapewa vidonge vitatu kwa mpigo, unavimeza pale pale muuguzi akikuona, na maji. Unaanza mimba ikiwa na wiki 13, yaani baada ya miezi mitatu ya kwanza, kisha unarudia kila ukienda kliniki, mradi umepita mwezi tangu mara ya mwisho. Lengo ni angalau mara tatu, na ukipata zaidi ni sawa kabisa, hadi karibu na kujifungua.

Hii dawa inasafisha vimelea vilivyojificha hata kama hujui unavyo, halafu inakulinda kwa wiki kadhaa. Na ushahidi wake haukutoka mbali. Majirani zetu wa Kilifi walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliohusu wanawake zaidi ya 1,000 wa mimba ya kwanza. Kati ya waliopewa dawa isiyo na nguvu, karibu 24 kwa kila 100 walipata upungufu mkubwa wa damu. Kati ya waliopewa SP, ilikuwa chini ya 15 kwa kila 100. Kenya yenyewe iliingiza dawa hii kwenye sera yake mwaka 1998. Wengi wanaosoma hapa hawakuwa wamezaliwa. Yaani huu mpango ni mkubwa kwetu kwa umri, na bado kuna watu hawaujui.

Mambo matatu ya kushika. Kama unatumia Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya Ukimwi, hupewi SP. Mwambie muuguzi, usifiche, kwa sababu Septrin inakupa kinga na hizo mbili hazichanganywi. Vidonge vya foliki vya kiwango kikubwa vinaweza kupunguza nguvu ya SP, kwa hivyo kunywa vile vya kliniki, si vya kujinunulia tu. Na SP ni ya kukinga. Ukiugua malaria ukiwa na mimba, nenda upimwe na utibiwe hospitalini, hata kama mimba ni ya wiki chache. Tangu mwisho wa 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali dawa ya AL, ile ya kawaida ya malaria, itumike hata miezi mitatu ya kwanza. Halafu kuna neti yenye dawa, unayopewa kliniki bure. Neti ni ya kulalia. Si ya kufunika vifaranga wala kuzungushia sukuma.

Najua kuna yule msee wa kemisti atakuambia, "Fansidar ilizeeka, malaria iliizoea kitambo." Ana ukweli nusu. Kutibu malaria hatuitumii tena kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kwa kukinga wajawazito bado ina kazi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Kenya, Tanzania na Malawi, sehemu ambazo SP imezoeleka sana na malaria, uliolinganisha SP na dawa mpya zaidi. Dawa mpya ilipunguza malaria vizuri zaidi, lakini watoto wa mama waliomeza SP hawakuzaliwa katika hali mbaya kuliko wenzao, na upande wa uzito walifanya vizuri zaidi. Kwa hivyo hadi wataalamu waseme vingine, meza.

Kliniki ya mwezi wa saba

Kama dawa ipo na ni bure, mbona watoto bado wanaumia? Jibu kubwa ni kalenda. Piga hesabu nami. Ukianza kliniki wiki ya 13 na kurudi kila mwezi, una nafasi ya kumeza SP hata mara saba kabla ya wiki ya 40. Ukianza mwezi wa saba, wiki ya 28, umebaki na tatu, nne kama una bahati. Ukianza mwezi wa nane, ni mbili. Na hata ukizimeza zote, vimelea vilikuwa vimekaa kwenye kondo miezi mitano bila kusumbuliwa na mtu. Hiyo miezi hairudi.

Kwa nini tunachelewa? Tusidanganyane, tunajua. Msichana yuko Form Three au mwaka wa kwanza chuoni, anafunga sweta kiunoni mpaka tumbo limkatae. Mwingine anafanya kibarua cha kulipwa kwa siku, na siku ya kliniki ni siku bila chakula. Mwingine yuko Kasighau au Marungu ndani huko, na nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya unga. Mwingine anaogopa maneno. Mdomo wa muuguzi mmoja, "mlipokuwa mnayafanya hukujua?", unaweza kumfukuza dada kliniki miezi mitatu. Wauguzi wengi wanajitahidi na kazi yao ni nyingi, lakini wale wachache wenye midomo wajue hayo maneno yana uzito wake, na unapimwa kwa gramu za mtoto.

Na kuna sisi wanaume. Hapa niseme bila kupaka mafuta. Chali anapigiwa simu kuambiwa kuna mimba, anazima simu wiki mbili "apange akili." Hizo wiki mbili zinakuwa miezi mitatu, na muda wote huo dada hajaenda kliniki kwa sababu anangoja ajue kama yuko peke yake. Wewe huwezi kubeba mimba, sawa. Lakini nauli ya boda hadi zahanati unaweza kubeba. Kutundika neti unaweza. Kumuuliza "leo umepewa zile tatu?" hakuhitaji digrii, mimi niliacha chuo na bado najua kuhesabu hadi tatu.

Taveta ilishatufunza

Kuna historia ya hapa hapa ambayo hatufundishwi. Kati ya 1954 na 1959, eneo la Taveta upande wetu na Pare upande wa Tanganyika lilifanyiwa jaribio kubwa la kupambana na malaria. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin, dawa ambayo leo imepigwa marufuku kwa sumu yake. Malaria ilishuka sana. Damu ya watu ikapanda, vifo vya watoto wachanga vikapungua. Halafu mwaka 1959 upuliziaji ukaisha, mradi ukafungwa, na taratibu malaria ikarudi kujipatia nafasi yake.

Sitaki turudishe dieldrin. Ninachosema ni kwamba malaria ya kaunti hii ina tabia tuliyoiona kwa macho: ukiibana inarudi nyuma, ukilegeza inarudi mbele. Na sasa hivi kuna kila dalili ya kulegeza. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya malaria kote Afrika ilitikisika. Oktoba 2024 NHIF iliondoka, SHA ikaingia, na Linda Mama ambayo kila mama aliijua kwa jina ikageuzwa Linda Jamii. Mpaka leo kuna wajawazito wanaokaa nyumbani kwa sababu hawaelewi kama kliniki italipiwa au la.

Kwa hivyo serikali ya kaunti, tunaomba vitu vya kawaida. SP isikosekane kwenye zahanati hata mwezi mmoja, kwa sababu mama aliyetembea kilomita kumi akaambiwa "dawa imeisha, rudi wiki ijayo" harudi. Mvua za Novemba zisitukute neti hazijafika. Mtu atuelezee SHA kwa Kiswahili cha mtaani, redioni na sokoni. Na wale wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa kwa shangwe mwaka 2023 na mikoba yao, 100,000 nchi nzima, walipwe kwa wakati, maana wao ndio wanajua ni nyumba gani msichana amejificha na tumbo.

Nasi mtaani tufanye yetu. Kama umekosa siku zako mwezi huu na umepima ukajua, usingoje tumbo lionekane. Nenda kliniki wiki hii wakufungulie kitabu, kisha ikifika wiki ya 13 uliza SP kwa jina. Wakisahau kukupa, wakumbushe. Ni haki yako. Angalia kwenye kitabu cha kliniki kama wameandika tarehe. Kama ni dada yako, au rafiki yako, mfunulie hicho kitabu muhesabu pamoja: moja, mbili, tatu. Kama hazijafika tatu na bado hajajifungua, kesho asubuhi mpeleke.